Gari la jeneza lilipokosa nguvu mlimani: turbo ilisingiziwa

Alasiri moja ya masika, gari la jeneza la msikiti wetu lilikosa nguvu katikati ya mlima wa kwenda makaburini. Injini haikuzima; ilinguruma tu bila kuvuta mzigo, na taa ya tahadhari ikawaka mbele ya dereva. Vijana waliliteremsha jeneza wakalibeba mabegani, nasi tulimaliza kuzika giza likiingia. Kesho yake fundi wa kwanza alilisikiliza gari kwa dakika chache akatoa hukumu: turbo imekufa, nunueni nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi makusanyo yetu ya miezi mitatu.

Mweka hazina wetu, mzee asiyejua kuendesha hata baiskeli, aliuliza swali moja: "Fundi, umepima au umekisia?" Swali hilo ndilo lililotuokoa.

Ndugu msomaji, turbo ni feni inayozungushwa na moshi utokao kwenye injini ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo hayana budi kuongezeka kwa kadiri yake. Kwa sababu hiyo kasoro ya mafuta hujificha gari likiwa tupu au limesimama, ikajitokeza mlimani, pale injini inapodai mafuta mengi. Ndipo turbo inaposingiziwa.

Zipo dalili za kutenganisha mambo haya mawili. Hewa ikipungua kwa turbo mbovu au mpira uliopasuka, mara nyingi gari hutoa moshi mweusi, na huenda ikasikika sauti ya upepo unaovuja. Mafuta yakipungua, nguvu hukatika bila moshi mwingi. Lakini ushahidi ulio bora ni kipimo. Katika injini za dizeli za kisasa, pampu hushindilia mafuta ndani ya bomba moja la pamoja, na nozeli zote huchota humo. Mfumo huu uliingia katika magari madogo mwaka 1997 kwa Alfa Romeo 156. Shinikizo la bomba hilo huweza kupita baa 1,000, na kompyuta ya gereji huonesha tarakimu mbili: shinikizo linalotakiwa na lile lililopo.

Fundi wa pili aliunganisha kompyuta hiyo akalipandisha gari mlimani. Tarakimu zile mbili zilikwenda pamoja kwenye tambarare, zikaachana kwenye mwinuko. Mafuta hayakuwa yakifika. Kisha akafuata njia ya mafuta kutoka tangini kwenda mbele, akianza na kilicho rahisi na chenye gharama ndogo.

Kwanza, alikinga dizeli katika chupa angavu akaiacha itulie. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, yalijitenga chini. Pili, alifungua chujio: lilikuwa jeusi, na hakuna aliyekumbuka lilibadilishwa lini. Tulimwaga mafuta machafu, tukaweka chujio jipya, na gari likapata nafuu. Hata hivyo, mlimani lilisita tena.

Tatu, aliweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu kubwa. Mapovu ya hewa yakaonekana yakipita. Sili ya pampu ya mkono, iliyo juu ya chujio, ilikuwa imekauka. Hapa kuna jambo la kuzingatia: upande huo wa njia huvuta mafuta, hausukumi. Kwa hiyo palipo na ufa huingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli, na jicho huona pakavu likadhani pazima.

Sili ilibadilishwa, hewa ikatolewa, na tarakimu zile mbili zikapanda mlima pamoja. Lau zingeendelea kuachana, hatua iliyobaki ilikuwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kwa kuwa inayorudisha mengi kuliko wenzake inavuja ndani, kisha kuikagua vali inayodhibiti mafuta kwenye pampu. Turbo yetu haikuguswa, na ingali inafanya kazi.

Wenye magari ya petroli yenye turbo wawe waangalifu zaidi. Dizeli ikikosa mafuta hupungukiwa nguvu. Petroli ikikosa mafuta wakati turbo inasukuma, moto wa silinda huwa mkali na huweza kutoboa pistoni. Katika mifumo mingi ambayo nozeli zake humwaga mafuta kwenye njia ya hewa, shinikizo la mafuta hupaswa kupanda sambamba na la turbo: likiwa baa 3 bila msukumo, liwe baa 4 turbo inaposukuma baa 1. Lisipopanda, usiendelee kukanyaga mafuta.

Onyo la mwisho: usitafute uvujaji kwa mkono kwenye mabomba ya shinikizo kubwa injini ikiwaka, wala usiyalegeze. Uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi, na jeraha lake dogo kwa nje ni la kukimbiziwa hospitali papo hapo.

Sasa ndani ya gari letu limo daftari: tarehe, kilomita, chujio, jina la aliyebadilisha. Kosa la kwanza, tukiwa wakweli, lilikuwa la kamati. Tulipewa amana ya gari tukakumbuka kulijaza mafuta, tukasahau kuyachuja.