Akiba ya Mafuta Ndani ya Hamira

Katika vijiji vya Butiama, na katika vile vilivyo kandokando ya barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, mtama na ulezi ni nafaka za chakula na za kinywaji pia. Mwenye kutaka kupika pombe huloweka ulezi, huuacha uchipue, huuanika na kuusaga. Huo ndio kimea. Uji uliopikwa ukishapoa, kimea hutiwa ndani yake, na baada ya siku moja au mbili mtungi huanza kutoa povu na kuvuma kama mzinga wa nyuki. Pombe ikishanyweka, chini ya mtungi hubaki mashapo mazito yenye rangi ya udongo. Mpishi mzoefu hayamwagi yote. Huacha kiasi, kwa sababu mashapo hayo yakitiwa katika uji mpya huuchachusha upesi kuliko kimea peke yake.

Lakini mashapo nayo yana umri. Yakiwa ya siku tatu, mtungi huamka kwa usiku mmoja. Yakiwa ya wiki kadhaa, mtungi husuasua, na pengine hauamki kabisa. Uji huoza, na pamoja nao hupotea nafaka, kuni na maji yaliyotekwa mbali. Kwa kaya inayotegemea mtungi mmoja ili kununua sare za shule na chumvi, hiyo si hasara ndogo. Yafaa basi tujue ni nini kinachotendeka ndani ya mashapo katika siku hizo za kungoja.

Sehemu kubwa ya mashapo ni viumbe hai viitwavyo hamira, ambavyo wengine huviita chachu. Kila kiumbe ni chembe hai moja tu, iliyo ndogo kiasi kwamba chembe 200 zikipangwa katika mstari mmoja ndipo hufikia urefu wa milimita moja hivi. Aina ijulikanayo zaidi ni Saccharomyces cerevisiae. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, waliikuta katika togwa, pamoja na jamaa zake wengine na bakteria watengenezao asidi ya maziwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Wataalamu wa dunia nzima huipenda hamira hii kwa sababu hukua upesi, hugharimu fedha kidogo, na mitambo mingi ya ndani ya chembe yake yafanana na ya chembe za mwili wa binadamu. Mwaka 1996 ilikuwa chembe ya kwanza yenye kiini kusomwa urithi wake wote, yapata jeni 6,000.

Hamira iliyo katika uji mtamu haili sukari yote kwa mahitaji ya siku ile tu. Sehemu yake huigeuza kuwa akiba. Akiba ya kwanza ni glikojeni, ambayo ni sukari iliyosongamanishwa. Ya pili ni mafuta, ambayo chembe huyahifadhi katika matone madogo ya mviringo yaliyofunikwa kwa utando mwembamba. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya ile itolewayo na gramu moja ya wanga. Ndiyo maana viumbe vingi huyachagua kwa safari ndefu. Tukitumia mfano wa nyumbani, glikojeni ni unga uliokwisha sagwa na kuwekwa jikoni, na mafuta ni nafaka iliyo ndani ya kihenge.

Ndani ya tone, asidi tatu za mafuta hufungwa pamoja kwenye gliseroli moja. Kifungo hicho kina sababu kubwa. Asidi za mafuta zikiachwa huru huharibu tando za chembe. Tukumbuke kwamba sabuni ya kufulia si kitu kingine ila chumvi ya asidi hizo hizo. Watafiti walipoiondolea hamira vimeng'enya vinne vinavyofunga mafuta, hamira hiyo iliendelea kuishi bila tone hata moja, lakini ilipolishwa asidi ya mafuta ya aina ya oleiki, ilisumiwa na chakula chake yenyewe. Kwa hiyo kihenge hiki ni ghala, na tena ni kinga.

Sukari ikiisha, mambo hutegemea kama hewa ipo au haipo. Katika chupa ya maabara inayotikiswa ili ipate hewa, hamira humaliza sukari, kisha hugeuka na kuila alkoholi iliyoitengeneza yenyewe. Alkoholi nayo ikiisha, chembe huacha kuchipua, huunenepesha ukuta wake na kuingia katika hali ya utulivu. Hapo ndipo mafuta hufunguliwa, na njia ni mbili. Katika njia ya kwanza, vimeng'enya vilivyo juu ya tone huzifungua asidi za mafuta kidogo kidogo. Katika njia ya pili, tone zima humezwa na vakuoli, kifuko ambacho ndani ya hamira hufanya kazi ya tumbo. Utando wa kifuko hubonyea, hulizingira tone, hulivuta ndani, na huko huyeyushwa. Njia hii ilielezwa kwa kina mwaka 2014, lakini msingi wake uliwekwa na Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988, mjini Tokyo, aliishindisha hamira njaa akaona kwa darubini jinsi chembe inavyopeleka sehemu zake yenyewe katika vakuoli ili zitumike upya. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Asidi zilizofunguliwa hupelekwa katika vifuko vingine, viitwavyo peroksisomu, na huko hukatwa vipande vidogo. Baadhi ya vipande huchomwa ili kutoa nishati. Vingine hamira huvigeuza kuwa sukari, kazi ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuifanya kwa asidi za mafuta.

Hata hivyo, kuyakata na kuyachoma mafuta kwahitaji oksijeni, na hapa ndipo mtungi wa Bunda unapotofautiana na chupa ya maabara. Chini ya mtungi hewa ni haba mno. Hamira iliyolala humo imezungukwa na alkoholi isiyoweza kuila, na ina kihenge kilichojaa mafuta isiyoweza kuyachoma. Inaishi kwa glikojeni tu. Joto likiwa kali, unga huo wa jikoni huliwa upesi. Mahali penye ubaridi hudumu zaidi. Vitabu vingi vya shule hueleza kwa urefu jinsi sukari inavyokuwa pombe, kisha hunyamaza, kana kwamba hamira hutoweka pombe ikishaiva. Kwa mpishi, shida ndipo inapoanza.

Je, mafuta hayo hayana faida katika mtungi? Yanayo, na faida yake huonekana siku ya kuamka. Chembe inayotaka kuchipua lazima kwanza ijenge utando wa mtoto wake, na utando hujengwa kwa mafuta. Mwaka 2009 watafiti wa Graz, nchini Austria, walionyesha kwamba hamira iliyolala ikipewa chakula kipya haingoji mpaka itengeneze mafuta mapya. Hufungua kihenge na kuchukua vifaa vya ujenzi humo. Saa ile ile inayoiamuru chembe igawanyike ndiyo pia inayokiamsha kimeng'enya kimoja, kiitwacho Tgl4, kilivunje tone. Hamira iliyonyimwa kimeng'enya hicho pamoja na mwenzake, Tgl3, hunona kwa matone, wala haifi kwa unono huo. Lakini huchelewa kuanza kuchipua. Ina mali, ila haina ufunguo.

Jambo hili halihusu mitungi peke yake. Ndani ya chembe zetu mna kimeng'enya ambacho ni ndugu wa Tgl4, na kilitambuliwa mwaka 2004 katika mji huo huo wa Graz. Wapo watu wachache wanaozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa kibovu. Mafuta hujaa katika misuli yao, nayo hudhoofika, na kwa baadhi yao hata moyo huathirika. Madaktari wanaotafuta namna ya kuwasaidia hujifunza mengi kutokana na hamira.

Mchoma maandazi wa sokoni Musoma hutumia hamira kavu ya kiwandani, na hadithi yake ni tofauti kidogo. Hamira hiyo hukuzwa katika matangi yanayopulizwa hewa nyingi, ili kila chembe ijiwekee mafuta na steroli za kutosha, na mwishoni hutayarishwa ili ikusanye trehalosi, sukari inayolinda tando zisipasuke wakati wa kukaushwa. Ndiyo maana hukaa miezi katika pakiti, na ikitiwa katika maji ya uvuguvugu yenye sukari huamka mapema.

Mpishi wa pombe hana tangi la hewa, lakini ana mwiko. Steroli, ambazo chembe huzihitaji ili tando zake zistahimili alkoholi, haziwezi kutengenezwa bila oksijeni, na mashapo yaliyokaa huwa yamepungukiwa nazo. Kwa hiyo uji uliopoa, ukikorogwa kwa nguvu au ukimiminwa kutoka juu wakati mashapo yanapotiwa, huipa hamira hewa inayoihitaji katika saa zake za kwanza. Baada ya hapo mtungi ufunikwe, kwani hewa ikizidi huwaita bakteria wa siki. Mashapo ya akiba nayo yahifadhiwe katika kibuyu safi kilichofunikwa, kivulini, juu ya mchanga wenye unyevu.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuyagawa mashapo ya mtungi mmoja katika vibuyu viwili, kimoja akiweke kwenye mchanga huo na kingine karibu na mafiga. Baada ya wiki moja avitie katika vyungu viwili vya uji ulio sawa, kisha ahesabu saa mpaka povu la kwanza litokee katika kila chungu.