Chai ya Ukunguni Haitaki Maji Yanayotokota

Wengi walioonja chai ya kijani mara moja wakaiacha wana lalamiko lilelile: ni chungu. Mara nyingi majani hayana kosa. Kosa ni la maji yaliyomiminwa yakiwa bado yanatokota, na la majani kuachwa humo muda mrefu kama ilivyo desturi ya chai ya rangi. Inayoharibika zaidi kwa namna hiyo ni chai ya milimani, ambayo majani yake ni machanga na laini.

Mfano mzuri ni Huangshan Maofeng, chai ya mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Milima ya Huangshan ni ya matale yaliyochongoka, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1990. Kilele chake kirefu, Lianhua, kina mita 1,864, lakini chai haioti huko juu. Mashamba yanayosifika yako miteremkoni na mabondeni, mengi kwenye mita 700 hadi 800.

Mkulima wa Kericho, ambako chai hustawi kwenye mita 2,000 hivi, ana haki ya kuuliza: huo nao ni mlima? Lakini Kericho iko karibu na ikweta na majani huchumwa mwaka mzima. Huangshan iko nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta. Theluji huanguka, na michai hulala miezi yote ya baridi ikiweka akiba. Akiba hiyo ndiyo inayoingia kwenye machipukizi ya kwanza joto linaporudi.

Kisha kuna ukungu. Mizizi ya mchai hutengeneza thianini, asidi amino inayoipa chai utamu wa taratibu unaobaki mdomoni baada ya kumeza. Jani likipigwa na jua kali, sehemu ya thianini hiyo hugeuka kuwa katekini, zinazoleta uchungu na ukakasi. Mawingu yanapotanda mlimani, jua hupenya kidogo, baridi huchelewesha ukuaji, na thianini nyingi husalia ndani ya jani. Huo ndio ubora wa chai ya mlimani, na ndio unaofunikwa na mtu anayeipika vibaya.

Uchumaji wa daraja la juu hufanyika karibu na Qingming, siku ya Wachina kuzuru makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili. Huchumwa chipukizi moja na jani moja changa, kwa mkono. Siku hiyohiyo majani hutiwa kwenye karai la moto ili joto liue vimeng'enya ambavyo vingeyafanya yawe meusi, kisha hukaushwa polepole. Wilayani Qimen, jirani kabisa, vimeng'enya hivyo huachwa vifanye kazi yake, na matokeo ni chai nyeusi mashuhuri. Mmea ni uleule.

Sasa jikoni. Gilasi inafaa kuliko birika, maana majani hufunguka na kusimama wima ndani ya maji, na ni raha kuyatazama. Gramu 3 zinatosha maji ya mililita 150. Maji yawe na joto la nyuzi 80 hadi 85. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye 94 hivi, kwa hiyo hupoa mapema zaidi. Asiye na kipimajoto ayamimine kwanza kwenye kikombe kitupu, kisha kikombe cha pili, ndipo ayatie kwenye gilasi ya majani. Kila kumimina hupunguza moto.

Baada ya dakika mbili chai iko tayari. Rangi yake ni njano hafifu yenye ukijani, na aliyezoea chai iliyokolea asishawishike kuongeza majani. Akiona vitu vyeupe vidogo vikielea, si uchafu: ni malaika ya machipukizi, dalili kwamba majani ni machanga kweli. Wachina wengi hawamalizi gilasi. Huacha theluthi moja, wakaongeza maji, na majani hayohayo hutoa chai mara ya pili na ya tatu. Maziwa na sukari visiikaribie kabisa. Vitameza kile kilicholipiwa.

Chai hii haipendi kukaa. Mwanga, hewa na unyevu huiua, na hunasa harufu upesi, hivyo mkebe wake usiwekwe kabati moja na karafuu au hiliki. Anayetaka kuinunua asianze na bei. Aulize kwanza ilichumwa mwaka gani na mwezi gani. Muuzaji asiyeweza kujibu, aachwe na chai yake.