Sokoni Mpakani Bila Gari

Je, msomaji, ukiambiwa leo ununue chakula cha wiki nzima cha watu sita, nawe huna gari wala jirani wa kukupa lifti, utaanzia wapi? Mkazi wa Nairobi huenda akakuna kichwa. Mama wa Busia au Malaba hatakuna kitu. Atajifunga leso kiunoni, atachukua kikapu chake na kutoka.

Ni haki kwamba tujifunze jambo hili kutoka huko, kwani ndiko lilikotoka jina boda boda. Katika miaka ya 1960, msafiri aliyeshuka kwenye basi Busia alikuta kituo cha Kenya na kile cha Uganda vimeachana kwa mwendo wa kuchosha, hasa kwa mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki hapo. Waliweka kiti cha sponji juu ya keria, wakawa wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilitaja mara mbili. Kuanzia mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo, pikipiki ziliongezeka na kuchukua abiria wengi. Hata hivyo baiskeli hazijatoweka, na kwa kazi ya sokoni bado nitaitetea. Nitakwambia kwa nini.

Makosa ya wageni wengi ni kuuliza bei ya chakula na kusahau bei ya kukifikisha nyumbani. Tuseme, kwa mfano tu, mkungu wa matoke ng'ambo ni shilingi 400 na upande huu ni 550. Unafurahi kwamba umeokoa 150. Kisha mwenye pikipiki anatazama mkungu, anakutazama wewe na viatu vyako vya mjini, anakuambia 100. Umebakiwa na 50, na hujanunua soda ya kuondoa kiu. Sasa mwite jirani yako. Nunueni mikungu miwili, mkodishe baiskeli moja kwa hiyo 100, mikungu ifungwe kwa mipira ya tairi kuukuu, na mwenye baiskeli aisukume huku nyinyi mkitembea kando yake. Pamoja mmeokoa 200 baada ya nauli, yaani kila mmoja 100. Tena mzigo mnauona kwa macho yenu hatua kwa hatua. Pikipiki ikishatangulia na mzigo wako, utakachobaki nacho ni vumbi na imani.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, kilicho kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, wanaweza kufanya vivyo hivyo. Chumba kimoja hakihitaji gorogoro tatu za maharagwe, lakini vyumba vinne vinazihitaji. Changeni, mtume wawili. Anayetumwa na aikague gorogoro yenyewe kabla haijajazwa. Mkebe uliobonyea kitakoni unakuibia kila ukipimiwa, na kubonyea huko mara nyingi si ajali.

Utaratibu wa kununua nao una maana yake. Anza na kuzunguka mikono mitupu ukiuliza bei. Halafu nunua vizito na vigumu: ndizi, viazi, mahindi, wimbi. Omena na njugu zifuate. Nyanya na mayai ni vya mwisho kabisa, na havipandi keria, huja mikononi mwako. Mimi niliwahi kujifanya mjuzi, nikafungisha trei ya mayai 30 juu ya gunia la viazi, kwenye barabara yenye mashimo. Tulikula mayai ya kukaanga siku mbili mfululizo, na watoto bado wananikumbusha. Mafuta ya taa nayo yabebwe peke yake, mbali na unga.

Ukitaka kuvuka, beba kitambulisho cha taifa. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya haihitaji pasipoti kuingia Uganda. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi thamani ya dola 2,000 yana utaratibu wake mwepesi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, na kikapu chako hakikaribii kiasi hicho. Lakini usidhani kila kitu hupita kila siku. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda kwa sababu ya sumu ya ukungu, kisha ikayaruhusu kwa masharti siku chache baadaye. Uliza kwanza. Njia za panya waachie panya. Ukikamatwa huko utapoteza ndizi, nauli na siku nzima. Halafu kuna mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Ukifungiwa nyanya ndani ya kavera ng'ambo, zihamishie kikapuni kabla ya kurudi.

Pesa hubadilishwa kwa haraka mpakani, na shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 25 za Uganda, kwa hiyo unapewa noti nyingi. Zihesabu hapo hapo, hata kama mtu nyuma yako anaguna.

Utakapokuwa Busia, watazame pia wafanyabiashara walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wengine hupakia shehena ambayo wewe na mimi tusingeisogeza, na huwalipa vijana wa kusukuma kwa nyuma. Wapishe njia.

Malaba ina tabu yake. Foleni ya malori huwa ndefu, na madereva walio juu hawamwoni mtoto anayepita mbele ya bampa. Ukiwa na mzigo kichwani na mtoto mkononi, usikate katikati ya malori mawili yaliyosimama, hata kama injini zimezimwa. Zunguka.

Jioni, nyanya na samaki hupungua bei kwa sababu mwenye navyo hataki kulala navyo. Nauli nayo hupanda giza likiingia. Kabla hujakubali, mwulize mwenye baiskeli kama ana taa.