Asali, konfitiri ao karanga: ni kipi kinachomlisha mtoto kweli?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Lubumbashi, chai ya asubuhi ya mtoto ni mkate na kitu kitamu cha kupaka juu. Mzazi anayelipa bei kubwa ili apate asali badala ya sukari anaamini kwamba amenunua afya. Lakini ukiangalia kilicho ndani, tofauti ni ndogo.

Sukari nyeupe haina protini, vitamini wala madini ya maana. Kijiko kimoja cha chai, karibu gramu 4, kinatoa kalori 16, basi. Sukari ya kahawia inapata rangi yake kutokana na mabaki kidogo ya maji ya muwa. Hayatoshi kubadilisha kitu.

Na asali? Katika gramu 100, karibu 80 ni sukari, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa kuwa ni nzito, kijiko cha asali kina kalori nyingi kuliko kijiko cha sukari. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaihesabu pamoja na sukari ya dukani. Linashauri mtu mzima asipite karibu gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12, na ikiwezekana abaki kwenye nusu ya hiyo.

Kuna jambo moja ambalo kila mama anapaswa kujua: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, hata kidogo kwa ajili ya kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi mtoto ashindwe kupumua. Kuichemsha ndani ya chai hakuviui.

Konfitiri mara nyingi ni nusu sukari ao zaidi. Krimu ya chokoleti vilevile, ikiongezewa mafuta.

Karanga za kusaga ndizo zinazojitenga na kundi hili. Gramu 100 zina karibu gramu 25 za protini, na mafuta yake mengi ni yale yasiyodhuru moyo. Sharti ni kuchagua karanga kavu zisizo na ukungu, kwani ukungu huo unaweza kutoa sumu inayoharibu ini. Mtoto ambaye mwili wake unakataa karanga asipewe.

Kwa kopo la dukani, soma orodha iliyoandikwa nyuma: kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Ikiwa ni sukari, umenunua utamu. Chakula ungali unakidai.