Arusha ina viwanja viwili vya ndege: Soma tiketi kabla ya kuondoka Babati

Ndugu msomaji, tuchukue mfano. Mama ni mgonjwa. Daktari ameandika apelekwe Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mama hawezi kukaa ndani ya basi kutwa nzima. Ndugu wamechanga fedha. Mmoja ameuza mbuzi. Kijana wao aliye mjini amenunua tiketi mbili za ndege, ya mama na ya mtu wa kumsindikiza. Anawaambia, "Ndege itaondokea Arusha."

Je, maneno hayo yanatosha? Hayatoshi. Arusha ina viwanja viwili. Ukienda kiwanja kisicho chako, ndege haikungoji. Fedha za ndugu zitapotea, na mgonjwa atabaki njiani.

Kiwanja cha Kisongo

Kiwanja cha kwanza huitwa Kiwanja cha Ndege cha Arusha. Kipo Kisongo. Ukitoka Babati utapita Magugu, Minjingu na Makuyuni. Kisha utafika Kisongo kabla ya kuingia mjini Arusha. Kutoka kiwanjani hadi mjini hazifiki kilomita 10. Kwa hiyo mtu wa Babati hana haja ya kwenda mpaka stendi ya Arusha na kurudi nyuma. Mwambie kondakta mapema akushushe kiwanjani.

Kiwanja cha KIA

Kiwanja cha pili ni cha Kilimanjaro. Watu hukiita KIA. Kilifunguliwa mwaka 1971. Ni kikubwa, na hutua ndege zitokazo nchi za nje. Kipo wilaya ya Hai, katikati ya Arusha na Moshi. Ukitoka Babati, lazima uipite Arusha. Utasafiri tena kilomita kama 50 kwa barabara ya Moshi. Ukishushwa njia panda ya KIA, bado hujafika. Kutoka hapo hadi kiwanjani ni kama kilomita 6. Mgonjwa hawezi kutembea mwendo huo. Tafuteni gari.

Ndege za Dar es Salaam huondoka katika viwanja vyote viwili. Utajuaje chako? Soma tiketi. Tafuta herufi tatu kubwa. Ukiona ARK, nenda Kisongo. Ukiona JRO, nenda KIA.

Saa ya tiketi

Jambo la pili ni saa. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia asubuhi. Tiketi ikiandika 07:30, maana yake ni saa moja na nusu asubuhi. Si saa saba na nusu mchana. Ikiandika 14:00, ni saa nane mchana.

Basi la Babati huchukua muda wa saa tatu au zaidi kufika Arusha. Tena inafaa kufika kiwanjani muda wa saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Basi mwenye ndege ya 07:30 hawezi kutoka Babati asubuhi ile ile. Lazima alale Arusha. Mwenye tiketi ya KIA aongeze na muda wa kufika huko.

Chukueni vitambulisho. Kabla ya kununua tiketi ya mgonjwa, iulizeni kampuni ya ndege kama inataka barua ya daktari.

Mkifika Dar es Salaam

Ndege itatua Kiwanja cha Julius Nyerere. Kutoka hapo hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 12. Barabara ya Nyerere inakwenda moja kwa moja mjini, na magari ya abiria hupita hapo. Lakini kwa mgonjwa teksi ni bora. Patana bei kabla ya kupanda. Sema wazi kwamba unakwenda Muhimbili, Upanga. Magari ni mengi, na foleni huchelewesha. Usimwahidi daktari kwamba utafika mara tu ndege ikitua.

Ndugu msomaji, kama una tiketi nyumbani, itoe leo. Soma kiwanja, soma tarehe, soma saa. Usipoelewa, muulize jirani anayejua. Kuuliza si ujinga. Herufi tatu tu zinaweza kuokoa jasho la ukoo mzima.