Maniema: Ramani ya Kasongo na Kabambare inaandikwa kwa miguu, kwa treni na kwa simu

Katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kuna mji wa dhahabu ambao jina lake linaandikwa kwa namna mbili. Wengi wanauandika Salamabila, lakini zoni ya afya ya pale inaandikwa Saramabila. Kwa mkaaji wa sehemu hiyo hakuna shida: R na L zinabadilishana kila siku katika Kiswahili cha huku, na kila mtu anaelewa mji gani unaotajwa. Kwa kompyuta, hayo ni majina mawili, na kwa hiyo ni sehemu mbili tofauti.

Herufi hiyo moja inaweza kuleta hasara. Orodha ya dawa ikitumia jina moja na ramani ikitumia lingine, programu itasema kwamba sehemu hiyo haiko. Kurekebisha makosa ya namna hiyo ni kazi ambayo wapenzi wa programu duniani wanaifanya bila mshahara, siku za mapumziko, wakiwa na simu mfukoni. Chombo chao kikubwa ni OpenStreetMap, ramani huru ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Steve Coast. Kila mtu anaweza kuiongezea barabara, chemchemi, shule au jina la kijiji, na kila mtu anaweza kuichukua bila kulipa.

Afrika Mashariki inaijua kazi hiyo. Mwaka 2009, vijana wa Kibera, mjini Nairobi, walitembea katika vichochoro vya mtaa wao na kuuweka kwenye ramani huru. Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulianza mjini Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa chuo kikuu na wakaaji walichora mitaa inayopata mafuriko. Kusini mwa Maniema hali ni tofauti: vijiji viko mbali, miti ni mingi na rezo ya simu haifiki kila mahali.

Nyangwe ilipimwa zamani

Kutembea na kupima si jambo jipya katika eneo hili. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na Kasongo vilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya pembe na ya watumwa katika karne ya 19. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akiamini kwamba huenda Lualaba ni chanzo cha mto Naili. Alikufa mwaka 1873 bila kupata jibu.

Mwaka 1874, Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika pale akiwa na vyombo vya kupimia mwinuko. Vipimo vyake vilionyesha kwamba Lualaba pale Nyangwe iko chini kuliko Naili ya Gondokoro, huko Sudan Kusini ya leo. Maji hayapandi mlima: Lualaba haikuweza kuwa Naili. Stanley aliondoka Nyangwe mwaka 1876 pamoja na Tippu Tip, akafuata mto, na mwaka 1877 akafika Boma, karibu na bahari. Mto huo ulikuwa Kongo.

Wasafiri hao hawakupita peke yao. Njia walionyeshwa, na majina ya vijiji waliyaandika jinsi walivyoyasikia kwa wapagazi na wafanyabiashara. Kisha ramani zao zilienda Ulaya na kusaidia wengine kuigawa nchi. Leo chombo cha kupimia kiko mikononi mwa mkaaji mwenyewe, na ni yeye anayeweza kusema jina linaandikwa namna gani.

Simu inafanya kazi bila rezo

Watu wengi wanafikiri kwamba ramani ya simu inahitaji mega. Si kweli. Simu inajua iko wapi kwa kusikiliza satelaiti, na inahitaji kusikia angalau nne kwa pamoja. Haihitaji karata ya SIM wala kulipa unite. Kinachohitaji intaneti ni kupakua picha ya ramani, na hiyo inaweza kufanywa mara moja mjini kabla ya safari. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinahifadhi ramani ya jimbo zima ndani ya simu.

Mtembeaji anawasha programu ya kuandika njia, anasubiri dakika kadhaa mahali peupe hadi simu ipate satelaiti, kisha anaanza safari. Kila baada ya sekunde chache simu inaandika nukta moja. Jioni nukta hizo zinakuwa mstari, na mstari huo ndio njia ya kwenda shambani, ya kwenda kisimani au ya kwenda kituo cha afya.

Kuna vizuizi. Mahali peupe, simu ya kawaida inakosea kwa mita chache tu, lakini chini ya miti mikubwa kosa linaongezeka. Betri nayo inaisha haraka, kwa sababu kusikiliza satelaiti bila kupumzika kunakula umeme. Ndiyo maana mtu anayepanga kutembea siku nzima anapitia kwanza kwenye duka la kuchajisha simu, anazima vitu vingine vyote na kubeba daftari. Daftari haliishi moto, na ndilo linaloandika kitu ambacho satelaiti haikijui: jina.

Treni inasimama, kompyuta haijui kwa nini

Mji wa Kasongo hauko kwenye reli. Anayetaka treni anavuka Lualaba na kwenda Samba, upande wa magharibi, kwenye njia ya SNCC kati ya Kindu na Kongolo. Reli hiyo ya kilomita 355 hivi ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kukwepa sehemu za Lualaba ambako meli haziwezi kupita, yakiwemo maporomoko ya Portes d'Enfer karibu na Kongolo.

Kwa mpenzi wa programu, safari ya treni ni zawadi. Simu ikiwekwa karibu na dirisha inaandika mstari mzuri kuliko ule wa msituni, kwa sababu reli imesafishiwa njia na mbingu inaonekana. Nukta zikiwa mbali mbali, treni inakimbia. Zikikaribiana, inapunguza mwendo. Zikirundikana mahali pamoja, imesimama.

Lakini rundo la nukta halielezi sababu. Huenda pale ni kituo, huenda injini imekufa, huenda treni inasubiri nyingine ipite. Anayekaa mbele ya kompyuta Kinshasa au Brussels akiona rundo hilo anaweza kuandika "kituo", na kuanzia siku hiyo ramani itakuwa na kituo ambacho hakuna abiria anayekijua. Aliye ndani ya treni anamuuliza mama anayeuza ndizi chini ya dirisha: "Mama, hapa panaitwaje?" Swali hilo linamaliza kazi ambayo mashine haikuiweza.

Herufi moja, miji miwili

Kurudi kwenye Salamabila na Saramabila: kuna njia ya zamani ya kufundisha kompyuta kwamba maneno mawili yanafanana. Mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein aliitoa mwaka 1965. Unahesabu ni herufi ngapi zinapaswa kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili neno moja liwe lingine. Kutoka Salamabila hadi Saramabila ni badiliko moja. Kutoka Luama hadi Lwama, mto unaopita wilaya ya Kabambare na kuingia Lualaba, ni badiliko moja pia.

Programu ndogo ya kazi hiyo inaweza kuandikwa kwa jioni chache. Inasoma orodha mbili za vijiji, moja ya afya na moja ya ramani, kisha inaonyesha majina yanayokaribiana. Mtu anaweza kuiongezea kanuni za huku kwetu: R na L zihesabiwe kama herufi moja, U na W vilevile.

Hatari inaanza mtu anapoiacha programu iamue peke yake. Kati ya Samba na Simba kuna herufi moja tu, na kijiji kimoja kinaweza kumezwa na kingine. Kuna pia majina yasiyotofautiana kabisa: akiandika "Kasongo" bila kutaja jimbo, mtu anaweza kupelekwa Kasongo-Lunda, katika jimbo la Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Kwa hiyo programu nzuri haiunganishi majina. Inaleta mbele ya macho yale yenye mashaka, kisha inamwachia mtu anayeweza kumpigia simu muuguzi wa kituo au kufika kijijini.

Alama moja, kilomita 990

Namba nazo zina mitego. Kasongo iko karibu na latitudo -4.45 na longitudo 26.67. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba mji uko kusini mwa ikweta. Mtu akinakili orodha na kusahau alama hiyo, Kasongo inahamia Bas-Uele, kaskazini mwa nchi, karibu kilomita 990 kutoka mahali pake.

Mtego mwingine ni kukata namba. Kwenye latitudo yetu, tarakimu ya tano baada ya nukta ni sawa na mita moja hivi. Tarakimu ya pili ni zaidi ya kilomita moja. Anayebakiza tarakimu mbili tu anaweza kukiweka kijiji cha kando ya Lualaba upande wa pili wa mto, na timu ya chanjo ikatafuta pirogi ya kuvukia bila sababu.

Umbali pia unadanganya. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 ukipima kwa mstari ulionyooka, lakini hakuna pikipiki inayopita kwenye mstari huo. Mstari uliotembewa, wenye daraja lililovunjika na kivuko cha msimu wa mvua, ndio unaomsaidia anayebeba boksi la chanjo.

Kasongo inalijua suala hilo tangu zamani. Katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulijaribu kupanga huduma za afya za msingi karibu na wananchi, na uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua ulichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Kazi ya namna hiyo inadai kujua nani anaishi wapi. Mwaka 2014, Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza pamoja na wachoraji wa OpenStreetMap walianzisha Missing Maps kwa sababu hiyohiyo: kuwaweka kwenye ramani watu ambao hawaonekani kabla msaada haujahitajika.

Si kila kitu kinaandikwa

Katika sehemu ambako makundi yenye silaha yamekuwa yakipita, kuonekana kwenye ramani kunaweza pia kuleta hatari. Mtu anayetembea huku akitazama simu na kuandika katika daftari anaweza kudhaniwa mpelelezi. Ni busara kuanza kwa chefu wa kijiji, kueleza kazi, kuonyesha karata ya uchaguzi na kuomba ruhusa kabla ya kuwasha chochote.

Vitu vingine vinaachwa: kambi za askari, vizuizi vya barabarani, mashimo ya dhahabu ya watu binafsi na maficho ya waliokimbia vita. Soko, shule, kituo cha afya, kisima na njia ya wazi vinatosha. Mstari wa safari nao usitolewe mzima ukianzia mlangoni kwa mtu. OpenStreetMap inaruhusu kuuweka kuwa wa faragha, na sehemu ya karibu na nyumba inaweza kufutwa kabla ya kuutuma.

Kazi haimaliziki, kwa sababu mvua inafunga njia moja na miguu ya watu inafungua nyingine. Wale waliotoa majina nao wanahitaji kuiona ramani. Karatasi moja iliyochapishwa na kubandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya inawafikia wasio na simu, na mzee anayepita anaweza kuweka kidole juu yake na kusema kwamba jina la kijiji chake limekosewa.