Karani Asiyejua Hesabu

Wengi wanaojifunza lugha ya C hudhani kwamba kompaila huisoma programu yao kama walivyoiandika, ilhali kabla kompaila haijauona hata mstari mmoja, maandiko yote hupita kwanza mikononi mwa kichakataji awali, ambacho ni mithili ya karani aliyepewa waraka wa lugha asiyoifahamu, akaambiwa tu kwamba kila alikutapo neno hili aweke lile.

Maagizo yake hutambulikana kwa alama ya # mwanzoni mwa mstari. Agizo la #include humwamuru atwae faili nyingine na kuinakili yote mahali pale. Agizo la #define humpa jina la makro pamoja na maneno ya kuweka badala yake. Na #ifdef humfanya abakishe kipande cha programu au akiondoe, kwa kutegemea kama jina fulani limekwisha kufafanuliwa, na kwa njia hii programu moja huweza kutumika katika Windows na katika Linux.

Dennis Ritchie alipokuwa akiiunda C huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, karani huyu hakuwa na kazi ila kuingiza faili na kubadili majina. Makro zenye kupokea hoja zilikuja baadaye kwa juhudi za Mike Lesk na John Reiser, na hapo ndipo neema na balaa zilipoingia kwa mlango mmoja.

Mathalani, tuandike:

#define MRABA(x) x*x

Atumiaye MRABA(2+3) hutaraji 25, lakini karani huandika 2+3*2+3, na maadamu kuzidisha hutangulia kujumlisha, jawabu huwa 11. Dawa yake ni mabano, yaani ((x)*(x)), ingawa hayo nayo hayamfai kitu mwenye kuandika MRABA(i++), kwani i++ hunakiliwa mara mbili, na kanuni za C hazidhamini matokeo yoyote kwa tamko la namna hiyo. Kwa rai yangu, tangu kanuni za mwaka 1999 zilipohalalisha funksheni za inline, hesabu kama hii haina udhuru wa kuandikwa kwa makro.

Mwenye shaka na aiendeshe kompaila ya gcc kwa swichi ya -E: atapewa maandiko yale yale yanayokabidhiwa kompaila, aghalabu yakiwa na mamia ya mistari iliyotoka katika stdio.h, na jina MRABA asilione popote.